Prosesa Mbivu

Sekela Mwaisumo alikwisha kuchagua kesi, bodi, RAM na kadi ya picha alipogundua kwamba fedha iliyobaki haitoshi kununua prosesa mbichi, sembuse mbivu. Alisimama mbele ya kaunta ya Sikujua, kwenye mtaa wa vipuri pale Mwanjelwa, akavipanga upya vitu vyake kana kwamba vikikaa vizuri vitashuka bei.

Ligi ya Nyanda za Juu, ligi ya gemu la kompyuta, ilikuwa na sheria moja iliyoitenga na ligi nyingine zote nchini. Kila mchezaji alitakiwa kuja na mashine aliyoiunda kwa mikono yake mwenyewe, na gharama ya mashine nzima isizidi bei ya mtamba mmoja wa maziwa. Walioianzisha ligi walikuwa wafugaji wa Uyole, na hawakuona sababu ya kutafuta kipimo kingine. Mtamba akipanda bei, mashine za mwaka huo zinakuwa na nguvu. Akishuka, kila mtu anabana. Mwaka huo alikuwa ameshuka.

Sekela aliwajua mitamba kuliko alivyozijua kompyuta. Alikuwa akifanya kazi kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, kazi ya kupima na kumimina, na jioni alikuwa akienda kucheza kwenye mashine za kukodi. Mshindi wa ligi, awe ametoka popote, alikuwa anachukuliwa na timu ya mkoa na kulipwa mshahara kwa kucheza. Kwa Sekela hilo lilikuwa jambo la ajabu mno kiasi kwamba hakuwahi kulitamka mbele ya mtu, hata mbele ya mama yake mdogo aliyekuwa akiishi naye.

Sikujua, mwenye duka, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Alimtazama Sekela akihangaika, kisha akavuta kapu kutoka chini ya kaunta. Alimweleza kwamba mle mlikuwa na prosesa alizozinunua kwa mafungu, kutoka kwa watu wanaohama na wanaouza vitu vya marehemu. Hakuwa amezipima. Angemuuzia moja kwa bei chini ya mbichi, ila ikiwa imekufa asimrudishie.

Sekela akachambua kapu lile kama mtu anayechambua dagaa. Akachukua moja ambayo miguu yake yote ilikuwa imenyooka, akaipulizia vumbi, akalipa.

*

Aliiunda mashine Jumapili mchana, sebuleni, juu ya kitambaa cha meza cha mama mdogo. Kesi yake ilikuwa ya kioo, yenye taa za rangi, na ndani aliweka kipozeo cha maji ambacho peke yake kilikula sehemu kubwa ya mtamba. Ilipowaka alikaa akiitazama tu kwa muda. Kisha akafungua Korongo.

Katika gemu la Korongo wachezaji wawili husimama ukingo mmoja wa bonde, kila mmoja na watu wake, huku maji yakipanda chini. Mbao, mawe na kamba huja na mkondo wa mto. Anayejenga daraja na kuwavusha watu wake wote kwanza ndiye mshindi. Sekela alikuwa na namna yake, ambayo wenzake waliiita nguzo ya Sekela: alikuwa akishusha mawe katikati ya mto kabla ya jambo lolote, akasimamisha nguzo, kisha akaunganisha pande zote mbili. Namna hiyo ilikuwa ya hatari, kwa sababu maji yakiwahi yanaichukua nguzo na kila kitu. Ila ilikuwa yake.

Siku ile alinyoosha mkono kushika jiwe la kwanza, na kabla hajalishika kamba ilikuwa imeruka mpaka ng'ambo na kujifunga kwenye mti.

Aliuondoa mkono kwenye kipanya kana kwamba umeungua.

Prosesa za zama hizo zilikuwa hai. Ndani yake mlikuwa na nyuzi nyembamba zinazoota polepole kufuata mikono ya anayezitumia. Ikiwa mpya inaitwa mbichi, nayo husubiri kuambiwa kila kitu, kama mfanyakazi mgeni. Baada ya miaka kadhaa na bwana mmoja inaiva. Prosesa mbivu humjua bwana wake kiasi kwamba mkono ukianza tu kusogea yenyewe inaumalizia. Haiwezi kunakiliwa, maana kilichoiva ni nyuzi zenyewe, na nyuzi hazihamishiki. Ukitaka kuifuta unampelekea fundi aichemshe kwa umeme mkali, nayo inarudi kuwa mbichi.

Hii ilikuwa mbivu, tena mbivu ya kudondoka. Na Sekela aliijua kamba ile. Hakuna mchezaji wa Mbeya ambaye hakuijua.

Alipokuwa shule ya msingi alikuwa akibanana na watoto wengine kwenye dirisha la ukumbi wa ligi kumtazama Gwamaka Kibona. Wengine wote walikuwa wakianza kujenga pale waliposimama. Gwamaka alikuwa akianzia ng'ambo, mahali ambapo hakuwa na mtu wala jiwe. Alikuwa akirusha kamba, akaning'iniza ubao wa kwanza upande ule wa mbali, akajenga kurudi nyuma kuwafuata watu wake huku maji yakipanda na ukumbi mzima umebana pumzi. Daraja lake lilikuwa likifika ukingoni likiwa limeshakamilika, nao watu wake wanavuka bila hata kukimbia. Sheria iliruhusu kukata kamba za mpinzani, na wote walikuwa wakikata. Yeye hakuwahi. Siku moja mtu alimuuliza kwa nini, akajibu kwamba anapenda kushindana na daraja la mtu, si na bahati yake mbaya.

Kisha akaugua kiharusi, mkono wa kulia ukafa, na hakuonekana tena ukumbini.

Sekela angeweza kuirudisha prosesa ile kwa Sikujua na kuichemsha kwa gharama ndogo. Hakufanya hivyo. Katika michezo ya mchujo aliwashinda watu ambao hajawahi kuwakaribia, na vijana wa mashine za kukodi wakaanza kumwita Ng'ambo. Alipenda jina lile kwa siku chache. Baadaye likawa linamkwaruza kidogo kila akiitwa, naye hakujua ni kwa nini.

*

Alikwenda kwa Gwamaka kwa sababu alikwama. Katika mchezo mmoja kamba iliruka, ubao ukaning'inia, kisha mashine ikanyamaza ikisubiri hatua ambayo Gwamaka angeichukua. Sekela hakuijua. Alishinda kwa bahati. Akasema moyoni kwamba mtu pekee wa kumuuliza yupo Isyesye, na kwamba hata asipojibiwa atakuwa ameshamwamkia. Akaipakia mashine kwenye bajaji akaenda.

Gwamaka alikuwa mwanamume mrefu aliyeanza kuota mvi, akikaa na dada yake Bupe, fundi cherehani. Mkono wake wa kulia ulikuwa mapajani kama kitu ambacho mtu amempa amshikie. Sekela alimwamkia, akajieleza, na akiwa na aibu kubwa akaomba amwonyeshe mchezo wake.

Akacheza. Kamba ikaruka. Gwamaka akamwomba arudie. Akarudia. Akaombwa tena, na mara ya tatu mwenyeji wake hakuwa akitazama kioo bali mkono wa Sekela. Kisha akageukia dirishani.

Aliuliza prosesa ile aliinunua wapi. Sekela akamwambia.

"Ni nzuri," Gwamaka alisema. "Itunze."

Akasogeza kiti karibu na kuanza kumfundisha.

Alikuwa mwalimu wa kipekee. Hakumwambia abofye nini. Alimfundisha kuusikiliza mto, kutambua kwa mngurumo wake kama kinachokuja ni mbao au mawe kabla hakijaonekana. Alimweleza kwamba kuanzia ng'ambo hakuhitaji kasi kama watu walivyodhani, kunahitaji kuvumilia kuonekana mjinga kwa muda. Sekela alikuwa akirudi nyumbani akiwa mwepesi, kama mtu aliyeoga maji ya mtoni.

Gwamaka aliikagua pia mashine yenyewe. Aliizunguka, akaigonga kesi ya kioo kwa ukucha, akainama kukitazama kipozeo cha maji.

"Mdogo wangu," akasema, "umenunua friji ya kupeleka Mbeya mwezi wa sita?"

Sekela alicheka mpaka akajifunika uso.

*

Bupe ndiye aliyevunja kimya. Siku moja alimsindikiza Sekela getini, sindano mbili bado zimechomekwa kifuani kwenye gauni lake, akasimama akishikilia komeo bila kulifungua.

Alieleza kwamba prosesa ile aliiuza yeye. Kaka yake alipokuwa hospitalini, hajitambui, aliifungasha mashine nzima kwenye boksi akampa mnunuzi wa kwanza aliyepita. Fedha ilihitajika, ila hiyo haikuwa sababu yote. Aliichukia. Aliamini kwamba miaka ya kukaa mbele yake ndiyo iliyomwangusha Gwamaka, na hakuwahi kukaa hata mara moja kumtazama akicheza.

Halafu mwaka uliopita hospitalini wakaleta glavu. Zilikuwa na nyuzi ndogo za chuma zinazovuta vidole, kwa wagonjwa ambao misuli yao bado ni mizima ila amri kutoka kichwani haifiki. Kinachoiongoza glavu ni prosesa mbivu ya mgonjwa mwenyewe, kwa sababu ndiyo pekee inayojua mkono wake ulivyokuwa ukitaka kwenda. Wengi waliopata kiharusi hawakuwa na kitu kama hicho. Mtaalamu wa viungo alipomuuliza Gwamaka kama aliwahi kuwa na prosesa, alijibu kwamba alikuwa nayo.

"Tumeitafuta mji mzima," Bupe alisema. "Nimepekua makapu mpaka Tunduma. Wewe ukaja nayo mlangoni kwa bajaji. Amenikataza nisikwambie. Nimekwambia."

Akafungua komeo.

Siku zilizofuata Sekela alipima maziwa bila kusikia alichoambiwa. Alikwenda kwa Sikujua, akamweleza kama habari ya mtu mwingine, na Sikujua akamjibu waziwazi kwamba kilichouzwa kimeuzwa. Ligi iliruhusu mitumba, risiti ilikuwa na muhuri, sheria ilikuwa upande wake. Sekela alijua hayo yote kabla ya kuuliza. Alijua pia kwamba bila prosesa ile hana anachoweza kufanya ukumbini, na kwamba nafasi ya timu ya mkoa haisubiri mtu.

Alijaribu kujishawishi kwamba Gwamaka mwenyewe amenyamaza, na mtu mzima akinyamaza ana sababu zake. Hoja hiyo ilimtosha kwa siku moja.

Kisha akapita kwenye mashine za kukodi, ambazo prosesa zake zilikuwa zikichemshwa kila wiki na hazikujua mkono wa mtu yeyote. Alitaka tu kucheza kama zamani. Mto ulipoanza kunguruma mkono wake ukarusha kamba, na kwa kuwa hapakuwa na wa kuumalizia, kamba ikaanguka majini. Akajilazimisha kushusha mawe katikati ya mto. Mkono ukasita. Alitafuta nguzo yake kama mtu anayetafuta jina la jirani, akiwa na hakika analo, na hakuipata. Watu wake wote walizama huku yeye akiwa ameshika jiwe.

Alijua basi kwamba walikuwa wawili waliopoteza mkono.

*

Gwamaka alipomwona ameingia na mashine na bisibisi alielewa, akamtazama Bupe aliyekuwa kwenye cherehani. Bupe hakuinua macho.

Sekela alisema aliyokuja kusema, kwa kifupi, maana alikuwa ameyarudia njia nzima. Alitegemea angekataliwa kwa upole, kisha angekubaliwa. Haikuwa hivyo. Gwamaka alimwambia aketi, akamweleza ukweli ambao hata dada yake hakuujua. Hakunyamaza kwa ajili ya Sekela. Alinyamaza kwa ajili yake mwenyewe. Glavu ingempa uwezo wa kushika kikombe, kufunga vifungo, labda kuandika jina lake. Lakini Sekela akisimama ukumbini, kamba itaruka mbele ya watu, na wote watajua ni ya nani.

"Nikiutazama mkono wako naona wangu," alisema. "Unataka kunipa mkono wa kikombe, uninyime Korongo."

Mtu ambaye Sekela alimtazama dirishani utotoni, akamheshimu kuliko wote, alikuwa akimwomba awe mkono wake. Na sehemu yake moja ilitaka kukubali, kwa sababu kukubali kungempa yeye ligi na kumpa Gwamaka ukumbi, nani angelia? Ila aliikumbuka ile siku ya kushika jiwe.

"Kaka Gwamaka, shikamoo zote ninazokupa ni za kweli," alisema. "Lakini nimeanza kusahau daraja langu. Ukicheza kwa mkono wangu, mimi nitacheza kwa upi?"

Sekela akafungua kesi ya kioo, akaondoa kipozeo, akainua komeo dogo la bodi, akaitoa prosesa. Aliifuta kwa kitambaa, akaiweka juu ya meza, karibu na ule mkono uliolala.

"Ninakupa mkono," akasema. "Utaufanyia nini ni shauri yako."

Bupe alikwenda chumbani akarudi na fedha. Sekela alipokea kiasi alichomlipa Sikujua, akakataa kilichozidi, akaaga. Gwamaka hakuitikia, na Sekela alilia kwenye bajaji akiwa ameikumbatia mashine isiyo na kitu ndani.

*

Simu ilipigwa kutoka namba ya Bupe, lakini aliyeongea alikuwa Gwamaka. Hakugusia yaliyopita. Aliuliza amenunua prosesa gani. Sekela akajibu kwamba bado, na kwamba atachukua mbichi yoyote ya bei ya chini kabisa. Gwamaka akamwambia asinunue chochote, amsubiri Mwanjelwa.

Alikuja akitembelea fimbo. Watu wa mtaa wa vipuri walimtambua, wakatoka madukani. Mzee mmoja anayeuza nyaya alivua kofia. Sikujua, ambaye Sekela hajawahi kumwona akikosa neno, alifuta stuli kwa kanga yake mwenyewe akaisogeza.

Gwamaka akaketi, na kazi ikaanza. Sekela amesimulia siku ile mara nyingi tangu wakati huo, na kila mara husema kwamba hakuna mchezo wa Gwamaka aliowahi kuutazama uliompendeza kama ule wa kaunta.

Kwanza alirudisha kesi ya kioo, na Sikujua akaipokea bila kukumbusha kwamba kilichouzwa kimeuzwa. Ukumbini hakuna anayepewa ushindi kwa taa, alisema. Badala yake alichagua kesi ya bati iliyokosa ubavu mmoja, ambayo Sikujua alikuwa akiitumia kuwekea misumari. Kisha akarudisha kipozeo cha maji. Ligi ilikuwa ikifanyika mwezi wa sita, kwenye ukumbi wa zamani wa mnada ambao milango yake haifungiki, na baridi ya Uyole ni ya bure, haina risiti. Feni mbili za kawaida zingetosha.

Kadi ya picha ilimsumbua Sekela zaidi, maana alikuwa ameipenda. Gwamaka alimuuliza vioo vya ukumbini vina ukubwa gani. Sekela akaonyesha kwa mikono. Basi kadi hiyo, alielezwa, inachora picha ya kujaza ukuta, halafu mnaibana kwenye kioo cha ukubwa wa sinia. Wakachukua ya ngazi moja chini yake. Fedha iliyopatikana wakaigawa: sehemu ikaenda kwenye RAM ya kasi, kwa kuwa katika Korongo mto wenyewe ndio mzigo na RAM ndiyo inayoubeba, sehemu ikaenda kwenye pawasaplai ya kugawa umeme, nzito na yenye jina zuri. Hapo Sekela alibisha, kwamba ile ya rahisi nayo inawaka. Gwamaka akamwambia kwamba kadi ikifa imekufa peke yake, lakini pawasaplai ikifa inaondoka na nyumba nzima.

Alieleza bila haraka, akipima kila kitu kwa mkono wa kushoto. Alisimulia kwamba mashine yake ya kwanza aliiunda ndani ya debe la biskuti, na kwamba ilikuwa ikinukia siagi kila ikipata moto. Watu waliozunguka wakacheka. Kila alipokichukua kitu kimoja Sekela aliona kwa nini, na alipokiacha kingine aliona pia kwa nini. Vipuri vile alivyoviona vya kuokotezwa vikaanza kupatana, kama watu waliotoka vijiji tofauti wakakuta wanajua wimbo mmoja.

Mwishowe fedha iliyobaki ilitosha prosesa mbichi, tena si ya mwisho kwa ubora. Gwamaka akaisogeza kwa kidole mpaka mbele ya Sekela.

"Hii haimjui mtu," alisema. "Usiifundishe kamba yangu."

*

Mashine kutoka Dar es Salaam zilikuja na vipozeo vya maji vikubwa kama matumbo ya ng'ombe. Asubuhi ya ligi ukungu uliingia ukumbini kupitia milangoni, na wenye mashine hizo wakaketi wakipuliza viganja, fedha yao ikiwa imeishia kwenye baridi. Mwamuzi alipousoma muundo wa mashine ya Sekela kwa kipaza sauti, vijana wachache walicheka kusikia kesi haina ubavu. Wafugaji waliokaa nyuma hawakucheka. Walimtambua mtu aliyemjua mtamba wake.

Sekela alicheza kwa nguzo. Ilimpasa kuifikiria kila hatua, kwa kuwa prosesa haikumsaidia neno. Mara mbili maji yaliichukua nguzo akaanza upya, na mara mbili aliwahi. Katika mchezo wa pili alisikia mto ukinguruma mawe kabla hayajaonekana, akatega, akayadaka yote, na nguzo ikasimama katikati ya maji huku ukumbi ukiguna. Hapo akajua imerudi. Ilikuwa imerudi ikiwa na kitu kimoja zaidi, masikio, ambayo aliyapata kwa mwenzake bila kuyaiba.

Alifika nusu fainali. Huko alikutana na Faraja Mgaya wa Njombe, msichana mtulivu mwenye prosesa aliyoiivisha mwenyewe tangu akiwa kidato cha kwanza. Walicheza kwa muda mrefu kuliko mchezo wowote wa siku ile. Sekela alimkata kamba mbili, kwa sababu yeye hakuwa Gwamaka na hakujifanya. Hata hivyo Faraja alivusha mtu wake wa mwisho wakati mtu wa mwisho wa Sekela akiwa na ubao mmoja tu mbele yake.

Faraja alishinda na fainali, timu ya mkoa ikamchukua. Jumatatu Sekela alirudi kwenye kituo cha maziwa. Hakuna sababu ya kusema kwamba haikumuuma. Ilimuuma mpaka akawa anapita njia ya nyuma asikutane na vijana wa mashine za kukodi, na mama yake mdogo alimsikia usiku akigeukageuka.

Gwamaka naye alikuwa amevalishwa glavu. Mwanzoni vidole vilifunga na kufungua tu, kama vya mtoto mchanga. Baadaye alishika kijiko, kisha akajinyoa, akajikata shavu, akanyoa tena. Mtaalamu wa viungo alieleza kwamba zile nyuzi ndogo zinasukuma tu, na kwamba siku moja amri ingeweza kufika bila kusukumwa. Sekela alikuwa akiwatembelea Jumapili, wakinywa chai, na hakuna aliyelitaja Korongo.

Mvua za kwanza zilipoanza, Gwamaka alimwomba aje na mashine. Alimkuta ameazima nyingine, na fundi wa hospitali amemuungia waya kutoka kwenye kisanduku cha glavu, kile chenye prosesa. Walikaa kila mmoja kwenye kioo chake, sebuleni, mchana, Bupe akishona upande wa pili. Gwamaka hakusema anataka kushinda wala kushindwa. Alisema wacheze.

Mto ukaanza. Sekela akashusha jiwe. Kwa pembe ya jicho aliiona glavu ikitetemeka juu ya kipanya, na kamba ya kwanza ikaanguka majini. Ya pili pia. Ya tatu ilifika, ikateleza, ikajifunga. Ubao ukaning'inia upande wa mbali. Vidole vya Gwamaka vilikuwa vizito, vikichelewa kila mahali, lakini havikwenda hata mara moja mahali pasipotakiwa. Jasho lilimtiririka. Sekela alikaza. Aliharakisha nguzo, akafunga upande mmoja, akauona ukingo wa pili, na alipowaambia watu wake wavuke, daraja la Gwamaka lilikuwa limeshafika na watu wake walikuwa wakipita juu yake bila kukimbia.

Kioo cha Sekela kikaandika kwamba ameshindwa. Aliketi akilitazama neno lile, na kicheko kikaanza kumpanda kutoka tumboni, akashindwa kukizuia. Gwamaka alikuwa ameuinua mkono wake wenye glavu mbele ya uso wake. Aliugeuza kiganja, akaugeuza nyuma.

Cherehani ilikuwa imenyamaza kitambo. Bupe alikuwa amesimama nyuma yao na kipande cha kitambaa begani.

"Umemwachia?" alimuuliza Sekela.

"Sijamwachia, dada."

Bupe akavuta stuli yake ya kushonea mpaka kati yao, akaketi, akavaa miwani. Alikitazama kioo cha kaka yake kwa makini, kama anavyotazama mshono wa mtu mwingine.

"Anza tena," alisema. "Taratibu. Hiyo kamba, huko ng'ambo, inashikwa na nini?"

Gwamaka akaanza kumweleza.